Diski imetoka, mguu una ganzi: nifanye mazoezi gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 44. Wiki kumi zilizopita niliinua cherehani peke yangu nikiihamisha, mgongo ukalia "kap". Kesho yake maumivu yakateremka kutoka tako la kushoto hadi kwenye kigimbi. Kipimo cha MRI kinaonyesha diski ya kati ya L5 na S1, yaani pingili ya mwisho ya kiuno na ile ya kwanza iliyo chini yake, imetoka na inagusa mshipa wa fahamu wa kushoto. Maumivu sasa yamepungua sana, lakini upande wa nje wa unyayo na kidole kidogo vina ganzi, hata kandambili inanivuka bila mimi kujua. Daktari aliniambia "fanya mazoezi", hakusema yapi. Mama mkwe anasema nilale tu. Wenzangu wa kikundi cha jogingi wananiita nirudi. Na sala ya Alfajiri inanitesa kuliko kazi: nikitoka kwenye sijda mguu mzima umekufa ganzi. Nifanye nini, na niache nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Umenirahisishia kazi kwa sababu umetaja ganzi ilipo kwa kidole chenyewe. Wengi huniambia tu "mguu una ganzi" nikaanza kupapasa. Nitakujibu kwa urefu, maana kuambiwa "fanya mazoezi" bila kutajiwa yapi ni sawa na kukabidhiwa vidonge bila kuambiwa ni vingapi kwa siku.

Kabla ya zoezi lolote, naomba usome aya hii mara mbili, na umsomee na mtu wa nyumbani. Chini ya kiuno, ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, neva zimening'inia kwa pamoja kama mkia wa farasi. Hizo ndizo zinazoongoza kibofu, haja kubwa na sehemu za siri. Diski ikitoka kwa wingi katikati inaweza kuzibana zote kwa mpigo. Ukiona ganzi imeingia kati ya mapaja na sehemu za siri, yaani pale panapogusa tandiko ukipanda baiskeli. Ukishindwa kukojoa, au mkojo ukapita bila wewe kuuhisi. Haja kubwa ikikutoka. Au miguu yote miwili ikianza kuuma na kulegea, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo na utaje dalili hizo waziwazi, bila haya. Hapo zinahesabiwa saa. Upasuaji ukichelewa kupita siku mbili hivi, matumaini ya kibofu kurudi sawa yanapungua sana. Nimewaona kina mama walioona aibu kusema habari za mkojo mbele ya daktari kijana, wakarudishwa nyumbani na sindano ya maumivu. Usione aibu.

Kama hayo hayapo, tupime nguvu. Ganzi na kulegea ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya. Ganzi ni hisia kupotea. Kulegea ni msuli kutotii. Leo jioni vua viatu, simama kando ya ukuta, gusa ukuta kwa ncha za vidole tu. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Halafu simama kwa mguu wa kulia peke yake, nyanyua kisigino hadi usimame kwa vidole, shuka, nyanyua tena, na uhesabu umefika ngapi kabla ya kuchoka. Fanya hivyo hivyo kwa mguu wa kushoto. Mguu mzima ndio kipimo chako. Kulia ukifika 20 na kushoto 12, tunalo la kufanya kwa mazoezi. Kushoto ukishindwa hata mara moja, au ukiona hesabu inashuka wiki hadi wiki, au mguu unaanza kuburuta, hilo si la kulifanyia mazoezi nyumbani. Rudi kwa daktari wa mgongo upesi, ukiwa na namba zako mkononi.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa kifupi. Diski ni mto ulio kati ya pingili na pingili. Nje ina tabaka ngumu zilizozungukana kama maganda ya kitunguu, ndani ina kitu laini chenye utelezi kama nyama ya dafu changa. Tabaka za nyuma zikichanika, ule ulaini husukumwa nje na kukutana na mzizi wa neva. Karibu diski zote za kiuno zinazotoka hutoka sehemu mbili za chini kabisa, kati ya L4 na L5 au kati ya L5 na S1, kwa sababu huko ndiko uzito unakolemea na ndiko tunakoinamia. Na mzizi unaobanwa hujitaja wenyewe mguuni. Ukibanwa wa L5, ganzi hukaa juu ya mguu na kwenye kidole gumba, na mtu hushindwa kunyanyua kidole hicho. Ukibanwa wa S1, ganzi hukaa upande wa nje wa unyayo, kidole kidogo na kisigino, na nguvu inayopotea ni ile ya kusimama kwa vidole. Maelezo yako, dada, ni ya S1 kabisa, na picha inasema hivyo hivyo. Kipimo na mwili vikikubaliana namna hiyo napata imani. Visipokubaliana naamini mwili, kwa sababu picha peke yake hupotosha. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kati ya watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, diski zilizovimba zilionekana kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80.

Hata hivyo, nenda kapime sukari. Ganzi ya kisukari kwa kawaida huanzia vidoleni miguu yote miwili na kupanda kama soksi, kwa hiyo haifanani na yako, lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili na kimoja kikakificha kingine. Upungufu wa vitamini B12 nao huleta ganzi, hata dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huileta, ndiyo maana huambatanishwa na vitamini B6. Na kama maumivu ya mgongo yangekuwa yanakuja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili, ningekuomba upimwe kifua kikuu cha mgongo kabla ya kugusa zoezi lolote. Kwetu ugonjwa huo bado upo, na nimeshaona ukichuliwa kwa mafuta miezi mitatu ukidhaniwa ni diski.

Tuje kwa mama mkwe. Anakutakia mema, na anasema kile ambacho hospitali zenyewe zilikisema kwa miaka mingi: lala, usiguse kitu. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwagawa wagonjwa 183 wenye maumivu ya kushuka mguuni kama yako, wengine walazwe kitandani wiki mbili, wengine waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Waliolala hawakupona zaidi wala mapema zaidi. Diski haina mishipa ya damu ya kutosha ndani yake. Hulishwa kwa kukandamizwa na kuachiwa, na neva nayo hutaka damu inayozunguka. Kwa hiyo mwambie mama kwa heshima kwamba kulala siku moja mbili maumivu yakipamba moto hakuna ubaya, ila wiki kumi ni nyingi mno.

Mazoezi yote nitakayokupa yanaongozwa na sheria moja, na ukiikamata hiyo hata ukisahau mengine hutapotea. Usiulize "mgongo unauma?" Uliza "dalili zimeelekea wapi?" Zoezi likifanya maumivu au ganzi ipande, itoke kidole kidogo, ije kwenye kigimbi, ije kwenye tako, ije katikati ya kiuno, hilo ni zoezi lako, hata kama kiuno kimeuma zaidi kidogo. Zoezi likifanya dalili ziteremke, zitoke kiunoni ziende mguuni, au ganzi ikapanuka na kukaa hivyo zaidi ya dakika chache, acha hilo zoezi, hata kama mgongo unajisikia mwepesi. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Wanafurahi kwamba kiuno kimenyooka, kumbe mguu unalia.

Sheria hiyo ina historia ninayoipenda. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa aingie chumba cha pili, avue, alale kifudifudi kitandani. Upande wa kichwani wa kile kitanda ulikuwa umeachwa umeinuliwa. Mgonjwa akalala kifudifudi juu ya ule mwinuko, mgongo umepinda kinyumenyume, katika mkao ambao enzi hizo ulihesabiwa kuwa wa hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu haujawahi kuwa na nafuu kama ile kwa wiki kadhaa. Kutoka hapo akaanza kuchunguza dalili zinavyohama mwili unapokaa mikao mbalimbali.

Basi zoezi lako la kwanza ni hilo hilo. Tandika mkeka, lala kifudifudi, mikono kando, kichwa kigeukie upande wowote, upumue taratibu kwa dakika mbili tatu. Usifanye kingine. Kama mguu umetulia, egemea viwiko kama mtoto anayesoma kitabu sakafuni, nyonga zibaki mkekani, dakika mbili. Kama bado umetulia, weka viganja chini ya mabega usukume kifua juu, kiuno kilegee kabisa na nyonga zisiinuke, kaa sekunde moja, rudi chini. Mara kumi. Si pushapu hii, matako yasikazwe. Rudia kila baada ya saa mbili tatu mchana, maana mara nyingi kidogo ni bora kuliko mara moja kwa kishindo. Kuna watu ambao mkao huu unawazidishia ganzi mguuni, hasa wazee ambao mfereji wa uti umewabana na hupata nafuu wakiinama. Ukiwa mmoja wao sheria ile itakuambia ndani ya siku mbili. Achana nalo, baki na mengine.

Zoezi la pili ni kutembea, nami nalithamini kuliko yote. Anza dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mahali tambarare. Barabara ya kuelekea Raskazone jioni inafaa sana. Mchanga laini wa pwani usiukanyage kwa sasa, kwa sababu mguu usiohisi haujui umetua vipi na kifundo kinateguka. Vaa raba zenye kamba, uzifunge. Kandambili weka kando kabisa hadi hisia zirudi. Ile kukuvuka bila kujua ndiyo mwanzo wa kujikwaa ngazini. Tembea ukitupa mikono, hatua fupi, na usikilize sauti ya nyayo zako: kulia "ta", kushoto "ta". Siku utakaposikia kushoto inapiga "pwa", yaani mguu unajibwaga, umechoka, simama, rudi. Ongeza dakika mbili tatu kila baada ya siku kadhaa kama kesho yake asubuhi hali haijawa mbaya kuliko jana. Nia ni kufikia dakika 30 mfululizo.

La tatu ni kile kipimo cha kunyanyua kisigino, sasa kikigeuka zoezi. Anza kwa miguu yote miwili pamoja, ukigusa ukuta, kupanda kwa hesabu ya mbili na kushuka kwa hesabu ya tatu, mara kumi, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo moja hapana. Ikishakuwa rahisi, panda kwa miwili ushuke kwa wa kushoto peke yake. Msuli wa kigimbi uliokosa amri za neva hunyauka upesi, na mara nyingi ndio unaochelewesha mtu kurudi kwenye mbio hata diski ikiwa imetulia. Malizia kwa kusimama mguu mmoja nusu dakika kando ya ukuta, macho wazi. Usifumbe macho. Ganzi na macho yaliyofumbwa ni kuanguka.

Kisha ukaze kiuno bila kukikunja. Piga magoti na viganja chini, mgongo uwe kama meza, weka kanga iliyokunjwa chini ya kifundo cha kushoto kisisuguane na sakafu usijue. Nyosha mguu mmoja nyuma na mkono wa upande wa pili mbele, kaa sekunde nane, badilisha. Ningekuwa karibu ningekuwekea kikombe cha maji kiunoni, kisimwagike. La ubavu nalo: lala upande, magoti yakunjwe, egemea kiwiko, inua nyonga, sekunde nane, mara tano kila upande. Haya mawili yanatosha kabisa kwa tumbo na mgongo. Ile ya kulala chali na kuinuka hadi kugusa magoti iache, na usiirudie hata ukipona. Inaibana diski kupita kiasi kwa faida ambayo ungeipata kwa njia nyingine.

Kuna la neva yenyewe, na nakuomba ulifanye kwa upole. Keti kwenye kiti, mgongo wima. Nyosha goti la kushoto taratibu huku ukiinua uso kutazama dari. Kunja goti huku ukiinamisha kichwa. Vyote viwili vinakwenda pamoja, kama uzi unaovutwa huku na kulegezwa kule, ili neva iteleze bila kukazwa. Mara kumi, asubuhi na jioni, na uishie pale mchomo unapoanza kunusa tu. Watu wenye ganzi hupenda kuvuta mguu kwa kanga, wakidhani msuli wa nyuma ya paja umekaza. Mara nyingi si msuli, ni neva inayolalamika, na ukiivuta inavimba zaidi. Kwa hiyo kugusa vidole vya miguu, kunyosha mguu juu ya ukuta, na ule mtindo wa kumkanyaga mtu mgongoni ili "anyooke", vyote viache.

Kuruka kamba, kuruka-ruka kwa muziki, kuchuchumaa na mzigo mabegani, na mashine ya jimu ya kusukuma uzito kwa miguu ukiwa umelala, pia viache kwa sasa. Kuogelea kwa chali ni kuzuri. Kutembea ndani ya maji yaliyofika kifuani ni kuzuri zaidi, lakini baharini vaa viatu vya maji. Unyayo wako wa kushoto hautahisi mwiba wa urumbu wala kioo.

Sasa sala. Usiku ukilala, diski hunywa maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hadi 2. Diski iliyojaa maji, ikikunjwa kwa nguvu mara tu baada ya kuamka, husukuma nyuma zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watu wenye maumivu sugu ya mgongo waliojizuia kuinama saa za mwanzo za asubuhi walipata nafuu. Alfajiri inakukuta katika saa hiyo hiyo. Ukiweza, amka mapema kidogo, tembea uani na ndani kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kusimama kwenye mswala. Na mgonjwa amepewa ruhusa ya kusali ameketi. Muulize sheikh wako namna ya kuashiria rukuu na sijda ukiwa kwenye kiti, kwa wiki hizi chache. Kuna jambo la pili ambalo pengine hukuliwaza. Kwenye tahiyatu, mguu unaolazwa chini na kukaliwa ni wa kushoto, ule ule wa ganzi. Neva za upande wa nje wa kifundo zinabanwa na sakafu na uzito wako wote, wewe huhisi kuanza kubanwa, unahisi matokeo tu. Nadhani sehemu kubwa ya ile ganzi ya baada ya sala inatoka hapo, haitoki mgongoni. Utajua haraka: keti kwenye kiti siku tatu, uone.

Kazi ya cherehani inanipa wasiwasi kuliko jogingi. Unakaa umeinama mbele saa nyingi, na mguu wa kushoto unakanyaga pedali kwa nguvu ile ile ya S1 iliyopungua. Inua kiti hadi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, kisogeze karibu na meza, weka kanga iliyoviringishwa mgongoni pa kiuno. Kila uzi wa bobini unapokwisha, simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma mara tano, tembea hadi mlangoni urudi. Kanyaga pedali kwa mguu wa kulia zaidi. Na kama uwezo unaruhusu, funga mota. Kuinua cherehani tena peke yako, hapana. Nyumbani, ufagio wa chelewa utiwe mpini mrefu, nazi akune mwingine kwa muda, kwa sababu juu ya mbuzi unakaa chini, umekunjika, na unasukuma, mambo matatu mabaya kwa pamoja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Beba madumu mawili madogo, moja kila mkono.

Na uulinde ule mguu. Nilimhudumia baba mmoja, seremala, mwenye diski kama yako, aliyeshauriwa na jirani akande ganzi kwa maji ya moto na chumvi. Akatia mguu kwenye beseni, akasoma gazeti. Alipoutoa, ngozi ya upande wa nje ikabaki kwenye taulo. Hakuhisi chochote. Kidonda kilimchukua miezi minne, na muda wote huo hakuweza kuvaa kiatu wala kutembea, akapoteza zoezi lililokuwa linamponya. Maji pima kwa kiwiko au kwa mguu wa kulia. Kila usiku kagua unyayo kwa kioo kidogo, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na ukiwa kwenye bodaboda uangalie mguu uko wapi kuhusiana na ekzosi.

Kuhusu dawa nasema machache: vidonge na sindano za diklofenaki zinasaidia siku za maumivu makali, lakini hazirudishi hisia, na zikizoeleka zinachoma tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Wewe maumivu yameshapungua; muulize daktari kama bado unazihitaji.

Najua swali lililobaki moyoni: itarudi? Nafuu ya kawaida huja kwa mpangilio. Maumivu huondoka kwanza, nguvu hufuata, ganzi huwa ya mwisho. Kwa hiyo maumivu kupungua ganzi ikabaki si dalili kwamba neva imekufa, ndivyo safari inavyokwenda. Uzi wa neva ulioharibika huota kwa takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidole kidogo ni karibu mita nzima. Bahati nzuri mara nyingi nyuzi hazikatiki, zimebanwa tu, na hizo huamka ndani ya wiki au miezi. Wengine hubaki na kipande kidogo kando ya kidole ambacho hakirudi, na wanakimbia, wanacheza ngoma, wanaishi. Hata ule ulaini uliotoka, mwili huula taratibu, na mara nyingi vipande vikubwa ndivyo hutoweka zaidi. Upasuaji una nafasi yake: nguvu zikishuka, au maumivu yakikataa. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, ulilinganisha waliopasuliwa mapema na waliosubiri kwa tiba ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, karibu asilimia 95 wakisema wamepona. Wapo waliosubiri ambao mwishowe walipasuliwa, takribani wanne kati ya kumi, na hakuna ubaya.

Waambie wenzako wa jogingi wakusubiri. Mimi humruhusu mtu kukimbia akiweza mambo matatu: kutembea kwa haraka dakika 40 bila dalili kuteremka, kunyanyua kisigino cha upande mbovu karibu sawa na kizima, na kurukaruka kidogo kwa mguu huo mara kumi bila ganzi kupanuka kesho yake. Hapo ndipo utaanza dakika moja kukimbia, tatu kutembea, kwa dakika 20, siku moja ndiyo moja hapana. Kwa hali uliyonieleza, sitarajii kabla ya miezi miwili mingine. Jumamosi hizo nenda nao, wewe utembee.

Jumapili hii chukua kalamu ya wino na pini ya kushikizia nguo, utumie upande wake butu. Gusa unyayo kuanzia pale unapohisi vizuri, ukisogea kuelekea kidole kidogo, na uweke nukta kila hisia inapofifia. Unganisha nukta, upige picha kwa simu. Rudia kila Jumapili, saa ile ile, na chini ya picha uandike umenyanyua kisigino cha kushoto mara ngapi na cha kulia mara ngapi. Baada ya wiki nne niandikie tena. Nitumie picha ya kwanza, picha ya mwisho na zile namba mbili, tuone mpaka wa ganzi umehamia wapi.